Kasisi Aliyevua Joho: Maisha ya Peter Muhlenberg

Mwezi huu tunawaletea wasomaji wetu habari za maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana sana huko Marekani, lakini katika mitaa yetu wanaolijua ni wachache. Huyu ni John Peter Gabriel Muhlenberg, kasisi wa Kanisa la Uingereza, ambaye mwaka 1776 aliiacha mimbari yake akawa kanali wa kikosi cha askari wa miguu. Alifariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, lakini swali aliloliacha halijafa. Je, mtumishi wa altare anaweza kushika upanga? Na akiisha kuushika, je, anaweza kurudi altareni?

Hatukusudii kumfanya mtakatifu, wala hatukusudii kumhukumu. Tunataka kwanza tumjue, ndipo kila mmoja wetu apime mwenyewe.

NYUMBA ALIYOZALIWA

Peter alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1746 katika kijiji cha Trappe, Pennsylvania, wakati nchi ile ilipokuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake, Henry Melchior Muhlenberg, alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Einbeck, aliyetumwa kutoka Halle kuwahudumia Walutheri waliohamia Marekani. Alifika huko mwaka 1742, akawakuta Wakristo wametawanyika kama kondoo wasio na mchungaji, wengine hawajaonja meza ya Bwana kwa miaka mingi. Akafanya kazi kwa bidii, akipanda farasi katika mvua na theluji kutoka shamba hata shamba, na hata leo Walutheri wa Marekani humheshimu kama mzee wa kanisa lao.

Mama yake, Anna Maria, alikuwa binti wa Conrad Weiser, mkalimani mashuhuri aliyejua lugha ya Wairokwoi, wenyeji wa nchi ile, na aliyefanya kazi kubwa ya kupatanisha wenyeji na wageni. Basi Peter alikulia katika nyumba ya mhubiri, lakini kutoka kwa babu yake alisikia habari za misitu, safari na mabaraza ya wapiganaji. Yasemekana alipenda zaidi bunduki na ndoana ya kuvulia samaki kuliko vitabu, na jambo hilo lilimtia baba yake wasiwasi.

Mwaka 1763 mzee Muhlenberg aliwapeleka wanawe watatu kusoma Halle, nao ni Peter, Frederick na Gotthilf Henry. Wadogo wawili walishika masomo vizuri. Peter, aliyekuwa na umri wa miaka 16, hakufaa kwa masomo yale, basi akapelekwa mji wa Lübeck kujifunza kazi kwa mfanyabiashara wa dawa na vyakula. Mkataba ulikuwa wa miaka mingi na kazi ilikuwa ya kupima na kuuza dukani siku nzima. Kijana alivumilia karibu miaka mitatu. Mwaka 1766 akatoroka.

Alitoroka kwenda wapi? Jeshini. Alijiandikisha katika Kikosi cha 60 cha askari wa miguu cha Mfalme, kilichoitwa Kikosi cha Kifalme cha Marekani. Kikosi hiki kilianzishwa mwaka 1756 kwa ajili ya vita vya Marekani, na ndani yake walikuwamo Wajerumani na Waswisi wengi. Peter aliwekwa kuwa karani wa ofisa mmoja aliyekuwa akirudi Marekani, na kwa njia hiyo alifika kwao Pennsylvania mwanzoni mwa mwaka 1767, akaachiliwa kutoka jeshini. Muda wake ulikuwa mfupi, lakini yale aliyoyaona, yaani jinsi kikosi kinavyopangwa, kinavyolishwa na kinavyofunzwa, hayakumtoka.

NJIA YA KWENDA ALTARENI

Baba yake hakumfukuza. Alimpokea kama yule baba wa mfano alivyompokea mwanawe, akamweka tena katika masomo, akisaidiwa na mchungaji mmoja Mswidi aliyeitwa Carl Magnus Wrangel. Safari hii Peter alitulia. Akapewa ruhusa ya kuhubiri, akawekwa kuhudumia makusanyiko ya Walutheri huko New Jersey. Tarehe 6 Novemba 1770 alimwoa Anna Barbara Meyer, ambaye watu walimwita Hannah, binti wa mfinyanzi wa vyungu aliyekuwa na mali.

Hapo ndipo ulipokuja wito kutoka Virginia. Katika bonde la mto Shenandoah, mahali paitwapo Woodstock, walikuwako walowezi wengi wa Kijerumani waliotaka mchungaji wa lugha yao. Lakini kulikuwa na shida ya sheria. Katika koloni la Virginia Kanisa la Uingereza lilikuwa kanisa la serikali. Kasisi wa mtaa alilipwa kutokana na kodi iliyotozwa watu wote, ambayo mara nyingi ilitolewa kwa tumbaku, na ndoa halali ilifungwa na kasisi aliyewekewa mikono na askofu. Mlutheri hangeweza kuushika mtaa ule kwa halali.

Nasi tukumbuke kwamba wakati ule hapakuwa na hata askofu mmoja wa Kianglikana katika Marekani yote. Kila kijana aliyetaka ukasisi ilimpasa kuvuka bahari mpaka London, safari ya majuma mengi, na si wote waliorudi, maana wengine waliuawa na ndui au walizama baharini. Peter alifunga safari hiyo mwaka 1772. Akawekewa mikono huko London kuwa shemasi, kisha kasisi. Mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo, alipewa ukasisi kijana mwingine kutoka Philadelphia, William White, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Pennsylvania baada ya vita. Wawili hawa walitoka mahali pamoja, na kila mmoja akashika njia yake.

Kabla ya kuwekewa mikono, Peter aliapa kama desturi ilivyotaka kwamba atamtii Mfalme George wa Tatu. Tuliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

MTAA WA BECKFORD

Akarudi akashika mtaa wa Beckford, wenye makao yake Woodstock. Kazi yake ilikuwa ya namna mbili kwa pamoja. Kwa sheria alikuwa kasisi wa Kianglikana, akitumia Kitabu cha Sala, na kwa Wajerumani wa bonde lile alikuwa mchungaji wa Kilutheri, akihubiri kwa lugha yao. Siku hizi Waanglikana na Walutheri wanapozungumza habari za umoja huandika barua nyingi na kuketi mabaraza mengi. Kasisi huyu aliyachukua makanisa yote mawili juu ya farasi mmoja.

Hakukaa miaka mingi kabla ya fujo kuanza. Bunge la Uingereza lilikuwa likiyatoza makoloni kodi pasipo wao kuwa na wajumbe ndani yake. Mwaka 1774, baada ya bandari ya Boston kufungwa kwa amri ya Bunge hilo, watu wa Woodstock walikutana tarehe 16 Juni wakatoa maazimio ya kupinga, na mwenyekiti wa kamati yao alikuwa kasisi wao. Wakamchagua pia kuwa mjumbe wao katika baraza la koloni, kisha katika mikutano mikuu ya Virginia iliyofuata. Mwezi Machi 1775 mkutano huo ulifanyika ndani ya kanisa la Mtakatifu Yohana katika mji wa Richmond, na humo Patrick Henry alitoa hotuba yake mashuhuri ya kuwataka watu wajiandae kwa vita. Mwezi uliofuata damu ikamwagika Massachusetts, na vita vikaanza.

JOHO NA SARE

Mwezi Januari 1776 mkutano wa Virginia uliamua kuongeza vikosi vya askari wa miguu. Kimojawapo, Kikosi cha 8, kilikusudiwa kuandikishwa hasa katika wilaya za bondeni na mpakani, penye Wajerumani wengi, hata kikaitwa Kikosi cha Wajerumani, ingawa walikuwamo pia watu wa asili ya Ireland, Uskoti na Uingereza. Wakamchagua Peter Muhlenberg kuwa kanali wake. Alikuwa na umri wa miaka 29. Msaidizi wake alikuwa Luteni Kanali Abraham Bowman, na chini yake Meja Peter Helphenstine.

Hapa ndipo tunapofika kwenye habari iliyomfanya ajulikane. Inasimuliwa kwamba Jumapili moja ya Januari 1776 kanisa la Woodstock lilijaa hata watu wakasimama nje. Kasisi alipanda mimbarini akahubiri kutoka kitabu cha Mhubiri mlango wa tatu, pale panaposemwa habari za majira ya kila jambo. Alipofika mahali panapotajwa vita na amani, aliwaambia watu kwamba wakati wa kupigana umewadia. Akatoa baraka. Kisha mbele ya wote akavua joho lake jeusi, na chini yake alikuwa amevaa sare za kanali. Ngoma zikapigwa mlangoni, na inasemekana watu karibu 300 waliandikishwa siku ile.

Je, ndivyo ilivyokuwa hasa? Lazima tuseme kweli. Masimulizi haya, kwa jinsi yanavyojulikana sana, yalienezwa na kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na mjukuu wa ndugu yake na kutolewa mwaka 1849, yaani zaidi ya miaka 70 baadaye. Ofisa tabibu mmoja wa vita vile, James Thacher, naye katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1823 alieleza kwamba kasisi huyu alipanda mimbarini akiwa na upanga, akawaaga watu wake. Kwa hiyo kwamba aliaga kanisani ni jambo la kusadikika. Kuhusu joho na ngoma, kila msomaji na apime. Jambo lisilo na shaka ni kwamba aliondoka mimbarini, wala hakuirudia tena.

NDUGU WAWILI WABISHANA

Si wote waliopiga makofi. Mdogo wake Frederick, ambaye naye alikuwa mchungaji wa Kilutheri huko New York, alimlaumu vikali kwa barua. Kwake yeye, mtu hawezi kuwa mhubiri na askari kwa wakati mmoja, na aliyeitwa kuchunga roho za watu hana ruhusa ya kuliacha kundi. Peter alimjibu kwamba yeye ni kasisi kweli, lakini pia ni mwananchi kama wengine, na kwamba uhuru wake ni wa thamani kwake kama ulivyo kwa mtu mwingine yeyote. Hakuona haki kuketi salama nyumbani huku waumini wake wakienda kufa.

Baba yao mzee aliumia katikati. Yeye naye alikuwa amemwapia Mfalme, na zaidi ya hayo Mfalme George alikuwa pia mtawala wa Hanover, nchi aliyozaliwa mzee huyu. Alitaka kukaa pembeni na kuwaombea watu wote. Lakini vita havikumwacha. Mwaka 1777 majeshi yalipita Trappe, kanisa alilolijenga kwa jasho lake likageuzwa malazi ya askari, kisha likawa hospitali ya majeruhi.

Na Frederick? Mwaka 1776 Waingereza walipokaribia New York, ilimbidi akimbie pamoja na jamaa yake. Miaka michache baadaye yeye pia aliacha uchungaji akaingia katika siasa, na mwaka 1789 akawa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Hivyo aliyemlaumu ndugu yake kwa kuiacha mimbari aliiacha yake pia. Sisi tunaopenda kuwahukumu wengine haraka tuna la kujifunza hapo.

KIKOSI CHA 8 SAFARINI

Turudi kwa Kanali. Kikosi chake kilikuwa na kombania 10, na kila kombania ilikusudiwa kuwa na watu karibu 70. Wengi walikuwa wakulima na wawindaji. Baadhi ya kombania zilikuja na bunduki za kuwindia zenye mtutu mrefu, ambazo hulenga mbali kwa usahihi, lakini hujazwa pole pole na hazichukui singe. Kutoka bondeni walishuka mpaka Suffolk karibu na pwani ya Virginia, na kutoka hapo Jenerali Charles Lee akawachukua kwenda kusini, mbali sana na makwao, ili kuulinda mji wa Charleston.

Walifika Charleston siku chache tu kabla ya pigano. Tarehe 28 Juni 1776 manowari za Waingereza zilishambulia boma la kisiwa cha Sullivan. Boma lile lilijengwa kwa magogo ya mti wa jamii ya mikindu, nayo mizinga ya Waingereza haikuweza kuyapasua, kwa kuwa magogo yale laini yalizimeza risasi. Wakati huo huo askari wa Kiingereza walitaka kuvuka mkondo wa bahari ili waingie kisiwani kwa upande wa kaskazini, wakazuiwa, na sehemu ya watu wa Muhlenberg ilipelekwa kuwaongezea nguvu walinzi. Mwishowe Waingereza wakaondoka. Jenerali Lee alikisifu sana kikosi cha Muhlenberg.

Lakini adui mkubwa wa Kikosi cha 8 hakuwa Mwingereza. Baada ya ushindi ule walipelekwa mpaka Savannah na mabwawa ya pwani ya Georgia, wakingojea safari ya kwenda Florida ambayo haikufika mbali. Huko wakapigwa na malaria. Sisi huku tunamjua adui huyo, lakini watu wale wa milimani hawakuwa wamemzoea hata kidogo. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mbu ndiye anayeichukua homa hiyo, maana jambo hilo lilithibitishwa mwishoni mwa karne ya 19 tu. Wengi walizikwa mbali na wake zao pasipo kupiga hata risasi moja. Meja Helphenstine naye aliugua, akarudi nyumbani, akafa. Kanali mwenyewe alipata ugonjwa wa ini ambao haukumwachia mpaka mwisho wa maisha yake.

Waliosalia walirudi kaskazini vipande vipande. Kutokana na yaliyowapata, Muhlenberg aliandika mwezi Februari 1777 akiomba watu wake wapewe bunduki za kawaida badala ya zile za kuwindia. Alieleza kwamba katika safari ndefu bila mahema silaha hulowa mvua, na bunduki ya mwindaji haifai tena.

BRIGEDIA JENERALI

Tarehe 21 Februari 1777 alipandishwa cheo kuwa Brigedia Jenerali, na Abraham Bowman akawa kanali wa Kikosi cha 8. Tangu hapo Muhlenberg aliongoza vikosi kadhaa vya Virginia chini ya Jenerali Nathanael Greene.

Tarehe 11 Septemba 1777 walikuwa kwenye pigano la Brandywine, ambapo jeshi la George Washington lilishindwa, na kundi la Greene likasimama nyuma kuwazuia adui ili wenzao wapate kuondoka. Tarehe 4 Oktoba wakapigana Germantown katika ukungu mzito. Watu wa Muhlenberg walisonga mbele kwa singe mpaka ndani kabisa ya safu za adui. Lakini wengine hawakufika kwa wakati, ukungu uliwachanganya, na Kikosi cha 9 cha Virginia, kilichokuwa chini yake, kilizingirwa na kutekwa karibu chote, watu wapata 400.

Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1777 na 1778, kambini Valley Forge. Walikuwako askari wapatao 12,000 katika vibanda vya magogo, wengi hawana viatu, wengine hawana hata blanketi. Karibu watu 2,000 walikufa pale, si kwa risasi, bali kwa maradhi. Trappe haikuwa mbali na kambi ile, na wazazi wa Jenerali walikuwa karibu kiasi cha safari fupi ya farasi.

Hapo hapo alipatwa na jaribu la namna nyingine. Baraza kuu la nchi liliamua kwamba Jenerali William Woodford, aliyekuwa ametangulia zamani, ahesabiwe mkubwa juu yake. Muhlenberg aliona amevunjiwa heshima, akaandika kuomba kujiuzulu. Mwenzake George Weedon, aliyepatwa na jambo lile lile, aliondoka. Lakini Muhlenberg alibaki. Je, si mara nyingi hata katika mabaraza ya mitaa yetu mtu huacha kazi ya Mungu kwa sababu ya kiti?

Na Kikosi cha 8 kilikwishaje? Wengi walikuwa wameandikishwa kwa miaka miwili, basi mapema mwaka 1778 muda wao ulikwisha wakaenda zao nyumbani. Waliobaki walikuwa wachache, hata mwezi Septemba 1778 vikosi vilipopangwa upya, waliunganishwa na Kikosi cha 4. Namba 8 ikapewa kikosi kingine kilichokuwa cha 12, nacho kilitekwa Charleston jeshi lilipojisalimisha huko tarehe 12 Mei 1780. Kikosi kile cha kwanza kiliishi miaka miwili na nusu tu.

Jenerali wao aliendelea. Alikuwapo Monmouth tarehe 28 Juni 1778, na mwezi Julai 1779 aliongoza watu 300 wa akiba siku boma la Stony Point liliposhambuliwa usiku. Kisha akatumwa Virginia kuandikisha watu na kuilinda nchi. Tarehe 25 Aprili 1781, karibu na Petersburg, yeye na Jenerali Steuben, wakiwa na wanamgambo wapatao 1,000, walilizuia kwa saa kadhaa jeshi la Waingereza lililokuwa zaidi ya mara mbili yao, halafu wakaondoka kwa utaratibu. Mwaka ule ule huko Yorktown aliongoza brigedi ya askari wepesi wa miguu. Usiku wa tarehe 14 Oktoba boma moja la udongo lilipotekwa kwa singe chini ya uongozi wa Alexander Hamilton, watu wa brigedi ya Muhlenberg walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Tarehe 19 Oktoba 1781 jeshi la Cornwallis likaweka silaha chini.

BAADA YA VITA

Vita vilipokwisha mwaka 1783 alipewa cheo cha Meja Jenerali, akarudi nyumbani. Inasimuliwa kwamba watu wa mtaa wake wa zamani walimwomba awe kasisi wao tena, naye akakataa, akiona haifai mtu aliyekuwa askari apande tena farasi wa mhubiri. Huenda alihisi kwamba mikono iliyoongoza watu kwenye singe haiwezi kukiinua kikombe cha Bwana kwa wepesi kama zamani. Huenda pia alikuwa amechoka na afya yake imevunjika. Hatuwezi kuingia ndani ya moyo wa mtu.

Wala kanisa aliloliacha halikuwa lile lile tena. Makasisi wengi wa Kianglikana hawakuweza kukivunja kiapo chao kwa Mfalme, wakakimbilia Uingereza au Kanada, au wakanyamaza. Katika Virginia mishahara ya makasisi ilisimamishwa tangu mwaka 1776, na mwaka 1786 sheria ya uhuru wa dini ikathibitisha kwamba hakuna kanisa la serikali tena. Makanisa mengi yalibaki matupu. Hata hivyo Mungu hakuliacha kanisa lake. Mwaka 1784 Samuel Seabury alifanywa askofu na maaskofu wa Uskoti huko Aberdeen, na mwaka 1787 William White na Samuel Provoost wakafanywa maaskofu London, na bila kiapo cha kumtii Mfalme. Hapo ndipo Waanglikana walipoanza kuelewa kwamba kanisa lao linaweza kuishi katika nchi yoyote bila kuwa chini ya taji la Uingereza. Sisi katika Afrika ya Mashariki, tulio na maaskofu wetu wenyewe, tunafaidi somo lile.

Muhlenberg alihamia Pennsylvania akaingia katika utumishi wa nchi. Mwaka 1787 alichaguliwa kuwa makamu wa rais wa jimbo la Pennsylvania, chini ya mzee Benjamin Franklin. Alikuwa mbunge katika Bunge la kwanza la Marekani, 1789 hadi 1791, kisha akarudishwa mara mbili tena. Mwaka 1801 alichaguliwa kuwa seneta, lakini baada ya miezi michache aliacha, akashika kazi ya mapato ya serikali, kisha akawa mkuu wa ushuru wa forodha katika bandari ya Philadelphia. Mdogo wao wa tatu, Gotthilf Henry, ndiye peke yake aliyebaki mchungaji mpaka kufa, huko Lancaster, na pamoja na kuhubiri alichunguza mimea hata jamii moja ya nyasi ikapewa jina lake.

Hannah alifariki mwaka 1806. Peter alimfuata tarehe 1 Oktoba 1807, siku aliyotimiza miaka 61, akazikwa Trappe karibu na wazazi wake, katika uwanja wa kanisa lile lile la Kilutheri. Mwaka 1889 jimbo la Pennsylvania liliweka sanamu yake katika jengo la Bunge huko Washington, kazi ya mchongaji wa kike, Blanche Nevin. Ndani yake anaonekana akivua joho.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kiapo. Peter alimwapia Mfalme mwaka 1772, na miaka minne baadaye aliongoza kikosi dhidi ya askari wa Mfalme huyo. Yeye na wenzake walisema kwamba mtawala akivunja haki za watu, watu hawafungwi tena. Makasisi wengine, watu wema na wacha Mungu, walisema kiapo ni kiapo. Wote walisoma Biblia moja na Kitabu kimoja cha Sala.

Pili, uhuru. Katika Virginia ile iliyopigania uhuru, hesabu ya watu ya mwaka 1790 ilionyesha watumwa zaidi ya 292,000, Waafrika na watoto wa Waafrika. Vita vile havikuwafungulia minyororo. Sisi ambao pwani yetu imeona soko la watumwa hatuwezi kusoma habari za mashujaa wale bila kuwakumbuka hao waliosimama nje ya hesabu ya uhuru. Mtu aweza kupigania haki yake kwa ushujaa mkubwa, na bado asiione haki ya jirani yake.

Tatu, gharama. Masimulizi ya joho ni mazuri kusikia, na wasanii wameyapenda. Lakini msomaji akilikumbuka joho, asiyasahau makaburi ya Georgia, wala vibanda vya Valley Forge, wala baba mzee anayeombea pande zote mbili. Wale walioitika ngoma ya Woodstock, wengi wao hawakurudi kumwona kasisi wao akipewa vyeo.

Tunamwachia Mungu hukumu ya kasisi huyu, maana yeye peke yake ajuaye majira ya kila jambo. Nasi tuombe kwamba watumishi wetu wasifikishwe kamwe mahali pa kuchagua kati ya joho na upanga, na tuwakumbuke katika sala makasisi walio katika nchi zenye vita leo, ambao kila Jumapili hupanda mimbarini wakisikia mizinga kwa mbali.